Kumchora Fumo Liyongo: mwongozo wa kugeuza utendi kuwa hadithi ya picha

Vijana wanaoanza kuchora katuni huniuliza maswali yale yale. Nichore beti zote? Liyongo nimfanye mrefu kiasi gani? Nimvalishe nini? Ninunue tableti kwanza? Naona heri niyajibu mara moja, kwa mpangilio, ili anayetaka kuanza leo jioni aanze.

Tutatumia utendi wa Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa masimulizi ya Waswahili wa pwani, alioutunga Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913. Hatua zenyewe zinafaa kwa utenzi wowote wa shujaa. Nimeuchagua huu kwa sababu una mambo matatu yanayochoreka vizuri: mtu mwenye nguvu kupita kiasi, mtawala anayemwogopa, na kifo kinachochukua muda. Hilo la tatu ndilo wanaoanza hulipitia mbio, na ndilo nitakalolirudia sana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Utendi wenyewe, wenye sherehe ya maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu. Kitabu cha *Tenzi Tatu za Kale* alichokihariri M. M. Mulokozi (TUKI, 1999) kinao, pamoja na Al-Inkishafi, utungo wa kale kuhusu kuanguka kwa Pate, ambayo tutaihitaji baadaye.
- Karatasi za A4, nene kidogo kuliko za kudurusu ili wino usipenye. Tutachora kwenye A4 na kuchapa kwenye A5, yaani picha itapungua hadi takriban asilimia 71. Kupunguza huficha mkono unaotetemeka.
- Penseli HB na 2B, kifutio laini, rula ya sentimita 30.
- Kalamu za wino usioyeyuka kwa maji, za unene wa 0.3, 0.5 na 0.8. Kwa maeneo makubwa meusi, brashi ndogo na wino wa chupa.
- Simu yenye kamera nzuri, au skana. Ukitaka kusafisha picha kwa kompyuta, Krita ni ya bure. Kwenye simu wengi hutumia ibisPaint.
- Daftari la mistari la kuandikia skripti. Usilidharau.

Tableti si lazima.

Na suala la haki: Kijuma alifariki mwaka 1945, na sheria za Kenya na Tanzania hulinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hiyo utendi wake unaweza kuutumia. Utangulizi, tafsiri na maelezo ya mhariri wa kitabu ulichonunua ni mali ya mhariri. Usiyanakili kwenye kurasa zako.

Hatua ya 1: Soma mara mbili, mara ya pili ukiwa na penseli

Soma kwanza kwa sauti, bila kusimama kwenye maneno magumu. Utendi uliundwa uimbwe, na mwendo wake utakuambia mahali hadithi inapokimbia na inapotulia. Mara ya pili weka alama pembeni: P kwa ubeti wenye picha ndani yake, S kwa ubeti ambao ni mtu anasema, na mstari mtupu kwa ubeti unaorudia kilichokwisha semwa. Mistari mitupu itakuwa mingi. Mtunzi wa utendi hurudia ili msikilizaji asipotee. Wewe una picha, huna haja hiyo.

Usichore beti zote. Chagua kama 20 utakazozinukuu, zilizobaki zigeuke vitendo.

Hatua ya 2: Gawa kurasa kabla ya kuchora chochote

Kijitabu cha kubana pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Chukua 32: karatasi nane za A4, mbele na nyuma, zikikunjwa. Jalada ni karatasi nyingine. Mimi hugawa hivi:

- Wageni wa bara wanafika Pate, na mkoba wa Liyongo: kurasa 5
- Hofu ya sultani, na kikoa (mlo wa zamu) cha makoma, matunda ya mkoma: kurasa 5
- Gereza na ngoma ya gungu: kurasa 7
- Kijana na sindano: kurasa 6
- Kisimani: kurasa 6
- Baada yake: kurasa 3

Tazama hesabu hiyo vizuri. Nguvu za Liyongo zimepewa kurasa tano tu, na kufa kwake, ukijumlisha usaliti, kumepewa kumi na mbili. Anayeanza hufanya kinyume: kurasa kumi na tano za misuli, kisha ukurasa mmoja ambamo anachomwa, anaanguka, mwisho. Ukifanya hivyo umechora mtu mwenye nguvu aliyekufa, ambayo ni habari ya kawaida tu. Utendi unasema jambo zito zaidi, kwamba hata baada ya pumzi kukatika watu hawakuthubutu kumsogelea.

Hatua ya 3: Chora karatasi ya kila mhusika

Kila mhusika apate karatasi yake: uso wa mbele, wa ubavuni, wa nyuma, amesimama, ameketi, mkono karibu. Ibandike ukutani unapofanya kazi.

*Liyongo.* Usihangaike na urefu kwa futi. Urefu wake uonekane kwa vitu: kizingiti cha mlango kinachomlazimu kuinama, upinde ambao mtu mwingine angeubeba kwa mikono miwili. Usimpe kifua cha mashujaa wa Marekani wavaao nguo za kubana. Mwindaji anayeishi msituni ana mwili mkavu, wa kamba. Mpe shuka, kilemba, upinde na podo. Na kumbuka alikuwa malenga. Mikono yake iwe ya mtu anayejua pia kupiga toazi.

*Sultani wa Pate.* Hapa ndipo wengi huharibu kwa kumchora muovu mwenye nyusi zilizokunjamana. Mchore mtu anayeogopa. Ana hoja yake: watu wanampenda Liyongo, wageni wanamtamani, kiti kinaweza kwenda. Mpe uso wa kawaida, hata wa upole, na macho yasiyotulia.

*Mbwasho,* mama yake. Mzee wa mji, amejifunika vizuri, mgongo umenyooka.

*Saada,* kijakazi. Nimeona hadithi za picha ambamo hana hata uso. Yeye ndiye anayepita mbele ya walinzi na mkate wenye tupa ndani. Bila miguu yake Liyongo hatoki gerezani. Mpe karatasi nzima.

*Kijana,* mwana wa Liyongo. Afanane na baba kwa kitu kimoja tu, tuseme taya au masikio. Utakihitaji kitu hicho kwenye ukurasa wa sindano.

Onyo kuhusu watu wa bara. Wale wageni wa Pate utendi unawaita Wagala, jina ambalo Waorma wa leo hawalipendi. Kwenye maneno yako mwenyewe andika Waorma. Wasanye na Wadahalo nao usiwachore kama vikaragosi wenye majani kiunoni. Ni wawindaji mahiri, na ndiyo sababu sultani aliwafuata wao.

Hatua ya 4: Mahali

Pate ni kisiwa katika funguvisiwa la Lamu. Nyumba za wakubwa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari za boriti, na ndani ukuta wenye madaka ya kuwekea sahani na vyombo vya kauri. Kusanya picha za mji wa kale wa Lamu na za magofu ya Pate. Ukiwa Tanzania, magofu ya Kilwa Kisiwani au Kaole yatakusaidia kuona jinsi ukuta wa matumbawe unavyomeguka, ila usiinakili misikiti ya kule ukaiita Pate.

Mti wa kwenye kikoa ni mkoma. Wanaoanza huchora mnazi, kila mara! Mkoma ni jamii ya mitende, majani yake kama kipepeo cha kujipepea, na shina lake hugawanyika matawi mawili, nayo yakagawanyika tena. Bila kugawanyika huko, tukio zima halieleweki: njama ilikuwa kila mtu apande kwa zamu kuangua makoma, na zamu ya Liyongo ikifika, apigwe mishale akiwa juu. Yeye hakupanda. Aliyaangua kwa mishale kutoka chini. Chora fremu moja ya wale waliokula njama wakitazama matunda yanayodondoka, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo mishale iliyobaki kwenye podo. Huhitaji maneno.

Hatua ya 5: Upe ukurasa mizani

Nadharia ni hii tu. Ubeti wa utendi una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinarudi kwenye bahari inayopita utendi mzima. Katika utendi huu ni *-ya*. Fanya ukurasa wako wa kawaida uwe na safu nne za fremu. Tatu za kwanza zibebe tendo. Ya nne irudi mahali pale pale kila mara: katika sura ya sultani, ya nne iwe kiti chake, katika sura ya gereza, iwe mlango. Msomaji hatajua kwa nini ukurasa unamtuliza au unamkaba, lakini atausikia.

Si jambo geni. Alan Moore na Dave Gibbons walipotoa hadithi yao ya picha *Watchmen* mwaka 1986 na 1987, kurasa nyingi zilisimama juu ya fremu tisa zilizo sawa, tatu kwa tatu, na kila walipouvunja mpango huo msomaji alishtuka. Ndani yake yumo tajiri anayejiita Ozymandias, jina la mfalme katika soneti ya Shelley ya mwaka 1818, ambaye sanamu yake imebaki miguu na uso uliovunjika jangwani. Sura ya kumi na moja ya *Watchmen* imechukua kichwa chake kwenye soneti hiyo. Natamani siku moja mchoraji wa kwetu aifanyie hivyo Al-Inkishafi.

Kabla ya kuchora kurasa halisi, chora zote 32 kwa udogo wa kiberiti kwenye karatasi mbili. Vijiti na vichwa vya duara vinatosha. Makosa ya mpangilio rekebisha hapo, maana kurekebisha kwenye wino ni kuanza upya.

Hatua ya 6: Nguvu ionekane kwa wanaoitazama

Liyongo anafika Pate kutoka mji wa Shaka na mkoba begani. Mlio wa panda, yaani baragumu, unautangulia ujio wake na watu wanashtuka. Kisha anautua mkoba na kuanza kutoa: kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu, mafiga. Vyombo vya jiko zima!

Chora hivi. Fremu ya kwanza, mkoba chini, mkono ndani. Kisha fremu ndogo ndogo, kila moja ikiwa na chombo kimoja ardhini na vumbi likiruka. Katikati yake weka nyuso za wageni: wa kwanza anacheka, wa pili ameacha kucheka, wa tatu amerudi nyuma hatua. Fremu ya mwisho ya ukurasa, sultani peke yake, haangalii mkoba. Anawaangalia wageni wanaomwangalia Liyongo. Hapo umeshaeleza siasa yote ya hadithi bila puto la maneno hata moja.

Kosa la kuepuka: kumchora Liyongo akitabasamu kwa kiburi. Anatoa vyombo vyake kama msafiri yeyote.

Hatua ya 7: Gereza, na sauti juu ya karatasi

Sultani amemtia Liyongo gerezani. Hapa una kurasa saba, na zinatosha kwa shida. Walinzi wanakula chakula kizuri kinacholetwa na Saada, wanamwachia mfungwa cha wishwa, yaani pumba. Liyongo anatunga wimbo, ujumbe umefichwa ndani: mama aoke mkate wa wishwa, atie tupa katikati. Walinzi hawautaki mkate wa wishwa, unapita. Kisha gungu linapigwa nje, na kelele zake zinaficha mlio wa tupa kwenye minyororo.

Fanya sauti ziwe sehemu ya picha. Andika mlio wa ngoma na matoazi kwa herufi nene zinazojaza juu ya fremu, na chini kabisa, kwa kalamu ya 0.3, *kwaru… kwaru… kwaru*. Ngoma ikipanda, kwaru iongezeke. Weka fremu moja ambamo ngoma imenyamaza ghafla, na tupa imesimama hewani. Usitumie milio ya katuni za Kiingereza. Kiswahili kina tanakali zake, na mnyororo unapokatika unasema *kacha!*

Wimbo wa ujumbe uweke kama ulivyo, kwa Kiamu, ndani ya puto lenye ukingo wa mawimbi ili msomaji ajue ni kuimba. Mazungumzo mengine yawe Kiswahili cha leo. Puto moja lisizidi maneno 20. Maneno magumu yafafanue ukurasa wa nyuma ya jalada, usiyawekee nyota katikati ya picha.

Hatua ya 8: Sindano na kisima

Sultani anamwahidi kijana uwaziri na binti wa kumwoa. Kijana anamuuliza baba ni kitu gani kinaweza kumuua. Liyongo anafahamu kwamba mwanawe amehadaiwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni.

Wachoraji hunijia na swali, kwa nini anamwambia? Usijibu. Ukitia puto la mawazo linaloeleza, umeua ukurasa. Chora nyuso mbili, zilizo karibu, zikiwa na kile kitu kimoja ulichowafananishia. Baba anaongea, kijana anatazama chini. Basi.

Tendo lenyewe lipe fremu ndogo kuliko zote kitabuni.

Sasa kisima. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anafika kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na katika hali hiyo anakufa. Wanawake wanaokuja kuteka maji wanamwona na kukimbia. Mji unakaa bila maji. Wanamwendea mama yake wakimsihi ambembeleze, anakuja na kumwimbia mwanawe kwa mbali, naye hageuki. Siku zinapita kabla mwili haujaanguka.

Kurasa hizi sita zichore hivi:

1. Chagua pembe moja ya kutazamia, kutoka mbali, usawa wa macho ya mtekaji maji. Usiibadilishe.
2. Mchore Liyongo mara moja tu, vizuri, kwa kivuli cheusi. Kisha mnakili umbo lile lile katika kila fremu, kwa karatasi ya kupitisha mwanga au kwa programu. Asibadilike hata unywele.
3. Badilisha vingine vyote: kivuli cha mti, idadi ya watu, ndoo zilizotupwa, mwezi. Katika fremu moja ndege ametua kwenye ncha ya upinde. Msomaji mwepesi ataelewa hapo.
4. Mbwasho aje kwa ukurasa mzima, mgongo wake kwetu, yeye mkubwa na Liyongo mdogo mbali.
5. Kuanguka kuwe juu ya ukurasa wa kushoto, baada ya kufungua, ili kusionekane kabla ya wakati wake.

Usiandike "amekufa" popote.

Hatua ya 9: Kurasa tatu za mwisho

Kijana hapati uwaziri wala mke. Anavuliwa alivyopewa na kufukuzwa, na anafia kwa watu wa mama yake. Ukurasa mmoja unatosha. Usimwadhibu kwa kumchora kwa ubaya.

Mbili zilizobaki, ukitaka, mpe sultani. Hapa mimi huazima Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 kuhusu Pate iliyoanguka:

*Nyumba zao mbake ziwele tame;*
*makinda ya popo iyu wengeme.*
*Husikii hisi wala ukeme;*
*zitanda matandu walitandiye.*

Nyumba zilizopambwa zimekuwa mahame, makinda ya popo yananing'inia juu, husikii sauti wala ukelele, buibui wametanda. Chora kile chumba cha sultani ulichokichora mwanzoni, pembe ile ile, madaka yale yale, bila mtu. Ubeti una vipande vinne. Tumia fremu nne. Lakini weka jina la mtunzi na uonyeshe kwamba ni utungo mwingine wa zama nyingine, msomaji asidhani Kijuma ndiye aliyeuandika.

Hatua ya 10: Wino, skani, chapa

Andika herufi kabla ya kutia wino kwenye picha, urefu wa milimita 5, zitabaki kama 3.5 baada ya kupunguzwa. Mistari ya nje kwa 0.8, nyuso kwa 0.5, nyuzi na mikunjo kwa 0.3. Acha wino ukauke kabisa kabla ya kufuta penseli. Skani kwa nukta 600 kwa inchi ikiwa ni nyeusi na nyeupe. Ukipiga kwa simu, simama karibu na dirisha, simu sambamba na karatasi, bila mwako wa taa. Acha sentimita 1.5 tupu upande wa mkunjo, la sivyo maneno yataliwa na pini. Chapa nakala moja kwanza uikunje uone mpangilio.

Mambo yakikwama

*Uso wa Liyongo unabadilika kila fremu.* Umeacha kutazama karatasi ya mhusika. Ukishindwa kabisa, mpe alama moja isiyopotea, mfano mkunjo wa kilemba, na umchore zaidi kwa mgongo na kivuli. Hadithi hii inaruhusu.

*Ukurasa umejaa maneno.* Funika maputo yote kwa kidole. Lile ambalo hadithi inaeleweka bila yake, futa.

*Wasomaji hawaelewi kwamba amekufa kisimani.* Huenda umbo lake umelibadilisha kidogo kati ya fremu, wakadhani anasogea. Lilinganishe kwa kuweka karatasi mbili dirishani. Kama liko sawa, ongeza fremu moja ya usiku.

*Wanaelewa mapema mno.* Umemkaribisha sana. Rudi mbali, na ndege mwondoe kwenye fremu za mwanzo.

*Sultani anaonekana kichekesho.* Angalia mdomo wake. Ufunge.

*Mzee mmoja ameniambia hadithi haiko hivyo.* Yumkini ana yake aliyoisikia kwao. Liyongo anasimuliwa kwa namna nyingi kuanzia Ozi hadi visiwani. Andika aliyokuambia, muulize vipi kuhusu kisima, na uweke mstari kwenye ukurasa wa kwanza kwamba wewe umemfuata Kijuma.

*Nimefika ukurasa wa 20 na nimechoka.* Ruka uende kisimani, uchore sasa hivi ukiwa bado na mkono mzuri. Kurasa za mkoba zinaweza kungoja.